Taa za Krismasi: Ampea kwanza, dola baadaye

MWENYE nyumba wa Marekani anayetaka kuipamba nyumba yake kwa taa 10,000 za Krismasi huanza kwa kuulizia bei dukani. Angefanya vema kuanzia kwenye boksi la breka.

Nyumba za huko hutumia umeme wa volti 120 kwenye soketi, na laini ya kawaida hulindwa na breka ya ampea 15. Kwa mzigo unaowaka saa tatu au zaidi mfululizo, mafundi huihesabu laini hiyo kwa asilimia 80 tu, yaani ampea 12, sawa na wati 1,440. Hiyo ndiyo bajeti, na mara nyingi soketi za nje zinaigawana na za gereji, ambako huenda kuna friji.

Kamba moja ya balbu ndogo 100 za zamani hula wati 40 hivi. Kamba 100 ni wati 4,000, zaidi ya ampea 33: laini tatu zisizobeba kitu kingine. Zikiwaka saa sita kila usiku kwa siku 35, zinakula uniti 840. Kwa senti 16 za dola kwa uniti, wastani wa majumbani mwaka 2023, ankara inaongezeka dola 134.40.

Kamba ya LED ya taa 100 hula wati 7 hivi. Mzigo wote unashuka hadi wati 700, chini ya ampea 6, na laini moja inatosha. Ankara: dola 23.52.

Hapa ndipo wanunuzi wengi hukosea hesabu. Akiba ni dola 110.88 kwa msimu. Kamba ikiuzwa dola 10, mtaji wa dola 1,000 utarudi baada ya misimu tisa, kama panya na mvua vitaziacha salama. Ankara peke yake si sababu ya kutupa balbu nzima. Faida hasa ni kutomlipa fundi wa kuongeza laini mbili.

Breka haimalizi hatari. Inalinda waya wa ukutani, si waya mwembamba wa kamba. Kamba nyingi zikiungwa moja nyuma ya nyingine, ya kwanza hubeba mzigo wa zote. Idadi inayoruhusiwa imeandikwa kwenye lebo. Soketi za nje huwa pia na swichi inayokata umeme unapovuja, hivyo mvua ikinyesha taa huzimika. Wapo wanaochoshwa na kero hiyo wakavuta ekstensheni kutoka sebuleni, wakaikwepa kinga yenyewe.

Kwa wanaoletewa kamba hizo Dar es Salaam na ndugu walioko Marekani: soketi za hapa ni volti 230. Kamba ya balbu ya volti 120 ikichomekwa moja kwa moja itaungua, na transfoma ya kushusha umeme nayo ina gharama yake.