Mchana Posta: mama ntilie na daftari lake

Jamani wadau, mshahara ukishakata, watu wa maofisini Posta, Dar, wanakula wapi mchana? Kwa mama ntilie. Jina lenyewe ni agizo la mteja: "Mama, nitilie!" Wali maharage, ugali samaki, mboga za majani. Samaki anawafuata asubuhi Feri, hapo hapo kwa miguu.

Ila siri si chakula bwana, ni daftari. Ukishazoeleka unakula, anaandika, unalipa mwisho wa mwezi. Hakuna fomu wala mdhamini. Anajua ofisi yako na saa unayotoka, basi. Ukihama kazi kimya kimya, wenzako ndio wataulizwa.

Sasa Oktoba 2021 wafanyabiashara wadogo wakaondolewa kando ya barabara, wakapangiwa maeneo mengine. Kitambulisho cha mjasiriamali cha sh. 20,000, kilichoanza kutolewa Desemba 2018, hakikumlindia mtu kona yake. Mama akihamishwa, sufuria anabeba, daftari anabeba, lakini walioandikwa humo wanabaki Posta, wanapita njia nyingine kabisa.

Kama uliacha deni, mtafute ukamlipe. Mie langu nililipa, tena kwa kuchelewa, na alinitilia sahani nyingine.