Faili la Intaneti na Deki ya Sebuleni

Mama yangu mkubwa, aishiye Pangani katika nyumba aliyoachiwa na marehemu mumewe, hana simu ya kutazamia picha wala hana haja nayo. Alicho nacho ni televisheni ya zamani na deki ya DVD iliyowekwa juu ya kabati na kufunikwa kitambaa cha kufuma, na kwa vitu hivyo viwili ameridhika. Mjukuu wake alipofunga ndoa Maskati, na filamu ya arusi ikaletwa kwa njia ya intaneti, jamaa wote tuliitazama katika simu zetu isipokuwa yeye, naye ndiye aliyestahiki kuiona kabla yetu sote. Nikalipakua faili, nikalinakili katika diski kama lilivyo, nikasafiri nayo. Deki ikaizungusha, ikaizungusha tena, kisha ikaandika kiooni kwamba haikuiona diski yoyote. Taksiri haikuwa ya deki. Nilikuwa nimeihamisha filamu bila ya kuifasiri.

Neno hilo la kufasiri nalitumia kwa makusudi, maana ndilo lenye siri ya kazi nzima. Filamu inayopakuliwa siku hizi aghalabu huja katika faili la MP4, na wengi hudhani kwamba MP4 ndiyo lugha ya picha, ilhali MP4 ni mfuko tu, na ndani ya mfuko huo picha imebanwa kwa kanuni nyingine, ambayo mara nyingi ni ile iitwayo H.264, iliyotolewa mwaka 2003. Diski za DVD zilikuwa zimekwisha kuanza kuuzwa Japani tangu Novemba 1996, na deki zake zikaundwa kwa kuifahamu kanuni kongwe ya MPEG-2. Basi kuitaka deki isome H.264 ni kumtaka mtu asome hati iliyobuniwa baada ya yeye kumaliza chuo.

Wala deki haitafuti faili lolote lililomo katika diski, bali hutafuta folda yenye jina maalumu, VIDEO_TS, na ndani yake mafaili ya VOB yaliyobeba picha na sauti, ya IFO yanayoiarifu deki kila sura inaanzia wapi, na ya BUP ambayo ni nakala za hayo ya IFO, zilizowekwa kwa tahadhari. Na picha yenyewe sharti iwe ya nukta 720 kwa 576, fremu 25 kwa kila sekunde, kwa mujibu wa mfumo wa PAL ambao ndio uliotumika katika televisheni zetu za Afrika Mashariki, na sauti yake ipimwe mara 48,000 kwa sekunde. Ikiwa deki yako ina tundu la USB, soma kwanza kijitabu chake, kwani yamkini flashi ikakutosha na usihitaji kuchoma chochote. Lakini deki za wazee wetu nyingi hazina tundu hilo.

Kazi ya kufasiri hufanywa na programu, na zipo zisizotozwa hata senti, kama DVDStyler, ambayo hulipokea faili lako, huligeuza kuwa MPEG-2, hulipangia folda yake, na hata hukuwezesha kutengeneza ukurasa wa mbele wenye picha na vitufe vya kuchagulia sura. Jambo ambalo programu haiwezi kukufundisha ni hesabu, nayo ndiyo inayotenga diski nzuri na diski mbovu.

Watu huniuliza: faili langu ni la megabaiti 700 tu, je, filamu ngapi za namna hii zitaingia katika diski moja? Swali hilo limesimama juu ya kipimo kisichokuwa chake. Uzito wa faili la asili haukufai kitu hapa, kwa sababu MPEG-2 huhitaji takribani mara mbili ya biti inazohitaji H.264 ili kuonyesha picha ya ubora ule ule. Kinachohesabiwa ni muda wa filamu. Diski ya kawaida ya tabaka moja hubeba baiti bilioni 4.7, na kwa kuwa kila baiti ni biti 8, jumla ni biti bilioni 37.6. (Kompyuta ikikuonyesha gigabaiti 4.38, usidhani umepunjwa dukani. Kiwanda huhesabu kwa 1,000 na kompyuta kwa 1,024, lakini diski ni ile ile.) Filamu ya arusi yetu ilikuwa ya saa moja na nusu, yaani sekunde 5,400, gawa, utapata karibu biti milioni 7 kwa kila sekunde. Toa 224,000 za sauti, acha na kiasi kidogo cha salama, zibaki milioni 6.5 za picha, na hizo zatosha vizuri, kwani kanuni yenyewe hairuhusu picha izidi milioni 9.8. Filamu ya saa mbili hupata milioni 5.2 kwa picha na sauti pamoja, na bado macho hayalalamiki. Lakini mwenye kushindilia saa nne katika diski moja, kila sekunde huiachia milioni 2.6, na hapo ndipo kanga za wacheza ngoma zinapogeuka miraba miraba, na nyuso za watu kuwa ukungu. Rai yangu ni kwamba zikipita saa mbili na nusu, chukua diski ya pili.

Fremu nazo zina fitina yake. Simu nyingi hupiga picha 30 kwa sekunde, na ukizilazimisha ziwe 25, kamera inapozunguka picha huonekana kama inajikwaa. Maadamu deki nyingi zilizouzwa kwetu husoma pia mfumo wa NTSC wa Kimarekani, ni bora faili la namna hiyo ulifasiri kwa NTSC, nukta 720 kwa 480, kisha uijaribu diski. Ama filamu iliyopigwa kwa simu iliyosimamishwa wima, hiyo haina dawa: katika kioo kipana itakaa katikati, ikichukua chini kidogo ya theluthi ya upana, na pembeni kote ni giza.

Kabla ya kuchoma, jiulize kama kazi hiyo ni yako kuinakili. Arusi ya jamaa, hotuba ambayo mwenyewe ameruhusu isambazwe, hizo ni halali yako. Filamu ya msanii anayekula kwa kuiuza siyo, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 inamlinda.

Nunua diski za DVD-R, ambazo deki kongwe huzikubali kuliko nyingine, na uziache zile za RW zifutikazo, kwa kuwa huakisi nuru kidogo zaidi na jicho la leza lililochakaa hushindwa kuzisoma. Chagua mwendo wa 4 au wa 8, hata kama boksi limeandikwa 16, na uifunge diski kama programu itakavyokuuliza, kwani diski isiyofungwa husomeka katika kompyuta iliyoichoma na kukataliwa na deki. Andika jina kwa kalamu laini ya wino, usibandike karatasi. Diski hizi hushika picha kwa rangi iliyounguzwa na leza, na rangi hiyo huharibiwa na jua na joto, kwa hiyo isiachwe dirishani wala ndani ya gari, na faili la asili lisifutwe.

Mwisho, usimkabidhi mtu diski uliyoijaribu katika kompyuta peke yake. Itie katika deki ya sebuleni, uitazame hadi dakika zake za mwisho, kwa sababu leza huanza kuandika karibu na tundu la katikati na kumalizia ukingoni, na ni huko ukingoni ambako makosa ya kuchoma hutokea zaidi.