Aliyewahi kulazwa ndiye amjuaye anayelazwa leo

Mkazi wa Kuze anapougua akili, jamaa zake huanza na kisomo, kombe na pengine mganga. Hospitali mara nyingi huja mwisho, mgonjwa amekwisha kutaabika na nyumba nzima imechoka. Ndipo huvushwa Makupa hadi kitengo cha maradhi ya akili katika hospitali ya Port Reitz, Changamwe.

Wadini daktari humpa dawa na muuguzi humchunga. Lakini yanayomkosesha raha si ya dawa pekee. Je, mkewe atamngoja? Atarudishiwa kazi? Pale barazani atapokewa vipi? Awezaye kuyajibu haya bila kubahatisha ni mtu aliyewahi kulala kwenye kitanda kama hicho, akatoka.

Huo ndio msingi wa usaidizi wa wagonjwa kwa wenzao. Aliyepata nafuu hupewa mafunzo na msimamizi, kisha huketi na mgonjwa. Hatibu wala hahubiri. Husikiliza, husimulia yaliyomfika, na humtajia mwenzake dalili za maradhi kurejea: usingizi kupotea, maneno kuzidi, dawa kuachwa kwa siri.

Wazo lenyewe ni kongwe. Miaka ya 1790 katika hospitali ya Bicêtre, Ufaransa, msimamizi Jean-Baptiste Pussin, mwenyewe aliyewahi kutibiwa hapo, aliteua wahudumu miongoni mwa wagonjwa waliopata nafuu, kwa kuwa walikuwa wapole zaidi. Karibu nasi, hospitali ya Butabika mjini Kampala ilianza katika miaka ya 2010 kuwafunza waliowahi kuugua ili wawatembelee wenzao majumbani baada ya kuruhusiwa kutoka. Baadaye Kampala na Dar es Salaam ziliingizwa katika utafiti wa kimataifa wa UPSIDES, pamoja na miji ya Ulaya na Asia. Nchini Kenya, chama cha USP-Kenya kimeendesha vikundi vya aina hiyo.

Kwa Mji wa Kale, ugumu ni siri. Nyumba zimegusana kuta, na msaidizi huenda akawa anamjua shangazi wa mgonjwa. Pengine yafaa mtu wa Kuze asaidiwe na mtu wa Likoni. Ugumu wa pili ni malipo: ni dhuluma kumtaka mtu afanye kazi hii kila siku kwa kuambulia nauli na ahsante. Naye akiugua tena, aweze kusema bila kuhofia kibarua chake.

Majuma ya kwanza baada ya kutoka hospitalini ndiyo yenye hatari kubwa ya mgonjwa kujiua. Kwa miaka mingi, kujaribu kujiua kulikuwa kosa la jinai chini ya kifungu cha 226 cha sheria ya adhabu, na familia zikanyamaza kwa kuogopa polisi. Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka katiba. Msaidizi anayebisha hodi Kuze sasa anaweza kuuliza habari hiyo waziwazi, na mama wa nyumba akamjibu.