Picha za Mandhari kwa Filamu Kubwa Nyeusi na Nyeupe

Kamera ya filamu kubwa haitumii mkanda. Hutumia vipande bapa vya filamu, kimoja kwa kila picha, na kipimo kinachotumika zaidi ni inchi 4 kwa 5. Eneo la kipande hicho ni zaidi ya mara 10 ya picha ya mkanda wa milimita 35. Ndiyo maana picha ya bonde zima huweza kukuzwa hadi ikaenea ukutani na matawi ya mti wa mbali bado yakahesabika.

Umbo la kamera hii ni la zamani: lenzi mbele, kioo chenye ukungu nyuma, katikati mvukuto wa kukunjika. Mpigapicha hujifunika kitambaa cheusi na kutazama mandhari kwenye kioo, kichwa chini miguu juu. Lenzi ikiinamishwa kidogo mbele, uwanda wote, kuanzia nyasi za karibu hadi vilima vya mbali, huonekana wazi kwa pamoja. Tundu la lenzi nalo hubanwa sana, mara nyingi hadi f/32, hivyo shata hukaa wazi kwa muda mrefu na upepo huwa adui.

Filamu nyeusi na nyeupe hugeuza kila rangi kuwa kijivu, na anga la buluu hutoka jeupe mno. Kichujio chekundu huzuia mwanga wa buluu na kulitia anga weusi. Aprili 1927, mpigapicha Ansel Adams alisimama mbele ya mwamba wa Half Dome, Yosemite, Marekani, akiwa amebakiwa na vioo 2 tu vilivyopakwa dawa, maana hivyo ndivyo alivyotumia wakati huo badala ya filamu. Cha kwanza alikipiga kwa kichujio cha manjano. Akatambua anga lingetoka hafifu kuliko alivyolihisi, akaweka chekundu kwa kioo cha mwisho. Hicho ndicho kilichotoa mojawapo ya picha zake mashuhuri zaidi.

Mnamo 1940 hivi, Adams na mpigapicha mwenzake Fred Archer waliugawa mwanga katika kanda, kuanzia 0, weusi mtupu, hadi 10, weupe mtupu. Kipima mwanga hukichukulia kila kitu kuwa kijivu cha kati, yaani kanda ya 5. Mpigapicha hupima kivuli anachotaka kionekane, tuseme gome la mti upande usio na jua, kisha hukishusha hadi kanda ya 3 kwa kukipa robo tu ya mwanga uliopendekezwa. Halafu hupima wingu. Likiangukia kanda ya 9, muda wa kusafisha filamu hupunguzwa ili lirudi kanda ya 8, kwani muda huo hugusa sana sehemu angavu na vivuli kidogo tu. Mkanda wenye picha 36 husafishwa wote kwa muda mmoja. Kipande husafishwa kivyake. Wengi husifu ukubwa wa filamu hii, lakini uhuru huo ndio ubora wake mkuu.

Anayeanza achague filamu moja na dawa moja ya kuisafishia, asibadilishe hata kimoja mpaka ajue jinsi vinavyofanya kazi pamoja.