Uzito, Joto na Lugha: Uhandisi wa Nyumba katika Mtaa wa Kitisuru

Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza mambo mawili ambayo kila nyumba hutakiwa kuyatimiza: kuubeba uzito wake bila kuanguka, na kuwakinga wakazi wake dhidi ya jua na baridi bila kuteketeza nishati nyingi. Kwa kawaida mambo haya hufundishwa katika idara za uhandisi, tena kwa Kiingereza, na huenda ndiyo sababu mwanafunzi wa Kiswahili huyaona kuwa hayamhusu. Hata hivyo, mafundi wanaoyatekeleza huzungumza Kiswahili tangu asubuhi hadi jioni. Mfano uliochaguliwa ni Kitisuru, mtaa wa magharibi mwa Nairobi ulio jirani na Loresho na Spring Valley, wenye miteremko, miti mingi na nyumba kubwa. Umechaguliwa kwa sababu umaridadi wa nyumba zake huweza kuwafanya watu wadhani kwamba matatizo ya ujenzi ni ya mitaa ya watu maskini peke yake.

Mtaa wa udongo mwekundu

Nyumba huanzia ardhini. Kitisuru na Kabete zimekalia udongo mwekundu wenye kina kirefu, uliotokana na kumomonyoka kwa mwamba wa volkeno. Udongo huu hupitisha maji vizuri na hauvimbi sana unapolowa. Udongo mweusi wa mfinyanzi ulioko kusini na mashariki mwa jiji una tabia tofauti: hufura wakati wa masika, hunywea na kupasuka wakati wa kiangazi, na huweza kuinyanyua sakafu kama mkate unaoumuka. Kwa hiyo mjenzi wa Kitisuru ana bahati, ila bahati hiyo ina masharti.

Sharti kuu linatokana na mteremko. Ili kupata uwanja ulio sawa, kilima hukatwa upande wa juu na udongo wake hujazwa upande wa chini. Nyumba inayojengwa hapo huwa nusu yake imekalia ardhi ya asili iliyoshikamana kwa maelfu ya miaka, na nusu nyingine imekalia kifusi cha juzi. Mvua inaponyesha, kifusi hushuka ilhali ardhi ya asili haishuki. Ukuta ulio kati ya pande hizo mbili huvutwa huku na huku, na jiwe halina uwezo mkubwa wa kustahimili kuvutwa. Matokeo yake ni ufa unaopanda kimshazari kutoka pembe ya dirisha. Mwenye nyumba huuziba kwa plasta na kuupaka rangi, nao hurudi masika yanayofuata, kwa kuwa maradhi yenyewe yako chini ya ardhi. Dawa ni kuchimba msingi hadi ardhi isiyochezewa, au kukishindilia kifusi tabaka kwa tabaka kabla ya kuweka jiwe lolote juu yake.

Zege, chuma na hesabu ya nguzo

Zege ni mchanganyiko wa saruji, mchanga, kokoto na maji. Lina nguvu nyingi linapogandamizwa na udhaifu mkubwa linapovutwa. Nguvu yake ya kustahimili mvutano ni takriban sehemu moja ya kumi ya ile ya kustahimili mgandamizo. Boriti inapobebeshwa mzigo, upande wake wa juu hugandamizwa na upande wa chini huvutwa. Ndiyo maana vyuma hulazwa upande wa chini katikati ya boriti. Jambo la kushangaza ni kwamba chuma na zege hutanuka kwa kiwango kinachokaribiana joto linapoongezeka. Lau kama visingepatana hivyo, jua la kila siku lingevitenganisha, na majengo mengi ya karne ya ishirini yasingekuwapo.

Urefu wa boriti una hila yake. Urefu baina ya nguzo mbili ukiongezwa maradufu, huku mzigo wa kila mita ukibaki uleule, kani inayoikunja boriti huongezeka mara nne, na kubonyea kwake katikati huongezeka mara kumi na sita. Wenye nyumba wengi siku hizi hupenda sebule pana isiyo na nguzo. Sebule ya mita 8 si sawa na sebule mbili za mita 4 zilizounganishwa. Hudai boriti nene zaidi, vyuma vingi zaidi na saruji nyingi zaidi. Uzuri huo una gharama, na gharama hiyo hulipwa pia na tanuri la saruji, ambalo huchoma mawe ya chokaa kwa joto linalokaribia nyuzi 1,450 za selisiasi na kutoa hewa ya kaboni kwa wingi. Jiwe la kuchongwa linalochimbwa kandokando ya Nairobi halipitii moto wowote.

Nguzo nayo hesabu yake ni nyepesi, na pengine ndiyo hesabu iliyopuuzwa kwa maafa makubwa kuliko zote. Chukua nguzo inayobeba eneo la mita 4 kwa mita 4, yaani mita 16 za mraba. Sakafu ya zege yenye unene wa sentimita 15 ina uzito wa takriban kilo 375 kwa kila mita ya mraba. Kwa eneo hilo ni tani 6. Ongeza kilo 150 kwa kila mita ya mraba kwa ajili ya watu na vyombo vyao, nazo ni tani 2.4. Kila ghorofa basi huiletea nguzo ya chini zaidi ya tani 8, kabla hata ya kuhesabu kuta na boriti. Mwenye jengo aliyeidhinishiwa ghorofa nne akaongeza mbili huwa ameitwika nguzo ileile tani nyingine zipatazo 17. Nguzo haina namna ya kulalamika. Hustahimili, hustahimili, kisha hukatika.

Nairobi imeyaona hayo. Mnamo Januari 2006 jengo la ghorofa lililokuwa likijengwa katikati ya jiji liliporomoka na kuwaua watu zaidi ya kumi. Aprili 2016 jengo la ghorofa sita lilianguka Huruma usiku wa mvua kubwa, likawaua takriban watu 50. Lilikuwa kandokando ya mto, na wenye mamlaka walikuwa wamekwisha kulitangaza kuwa halifai kukaliwa. Novemba 2022 maafa yalifika Ruaka, mwendo mfupi kutoka Kitisuru, pale jengo lililokuwa likijengwa lilipoiangukia nyumba jirani na kuwaua waliokuwa wamelala. Waliokufa hawakuwa wapangaji wala wajenzi wa jengo hilo.

Jua na mahali pa dirisha

Nairobi iko karibu nyuzi 1.3 kusini mwa ikweta, kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi kutoka usawa wa bahari. Joto lake si kali na baridi yake si ya theluji. Nyumba iliyopangwa vizuri huweza kukaliwa mwaka mzima bila mashine ya kupoza hewa. Kwa nini basi mashine hizo zinazidi kununuliwa? Jibu liko katika kioo.

Mwezi Juni, adhuhuri, jua la Nairobi huwa upande wa kaskazini, takriban nyuzi 65 juu ya upeo wa macho. Dirisha lenye kimo cha mita 1.2 linalotazama kaskazini hukingwa kikamilifu na upenu wa sentimita 56 tu. Sasa dirisha hilohilo na lihamishwe upande wa magharibi. Mwezi Machi, saa kumi na moja jioni, jua huwa limeshuka hadi nyuzi 25 hivi. Upenu wa kulizuia ungepaswa kutokeza zaidi ya mita 2 na nusu. Hakuna anayejenga upenu wa namna hiyo juu ya dirisha. Kwa sababu hii wasanifu hushauri nyumba ilazwe kutoka mashariki hadi magharibi, madirisha makubwa yakitazama kaskazini na kusini, na pande za machweo na macheo ziachiwe ngazi, stoo na bafu. Kiwanja cha Kitisuru huweza kuvuruga ushauri huu, kwa kuwa mandhari ya bonde haichagui pande za dunia. Mnunuzi aliyelipia mandhari ataka kuiona, hata ikiwa magharibi. Katika hali hiyo mti uliopandwa mahali pake hufanya kazi ambayo upenu hauwezi.

Ukuta mzito nao una faida yake. Jiwe la unene wa sentimita 20 hulipokea joto la mchana polepole na kulitoa ndani saa kadhaa baadaye, wakati ambapo usiku wa Nairobi umeanza kuuma. Kioo hakijui kungoja: hupitisha joto mchana na kulipoteza usiku. Mwezi Julai, mawingu yanapotanda kwa siku nyingi, mkazi wa nyumba ya kioo huwasha hita. Mwezi Februari huwasha feni.

Umbali mfupi kutoka Kitisuru, huko Gigiri, Umoja wa Mataifa ulizindua mwaka 2011 ofisi mpya za mashirika yake ya mazingira na makazi. Jengo hilo lilikusudiwa kuzalisha umeme unaotosha matumizi yake, kwa paneli za jua zilizotandazwa kwenye takriban mita 6,000 za mraba. Paneli ndizo hupigwa picha. Lakini zisingetosha kama wasanifu wasingepunguza kwanza mahitaji yenyewe, kwa kuruhusu mwanga wa mchana ufike mezani na hewa ipite katikati ya jengo badala ya kusukumwa na mashine.

Msamiati wa ujenzi

Wajenzi wa Lamu waliyajua mengi ya haya bila milinganyo. Kuta zao za mawe ya matumbawe na chokaa zilikuwa nene, na vyumba vyao vilikuwa virefu na vyembamba kwa sababu upana ulipimwa na boriti ya mkoko, ambayo haizidi sana mita 3. Wahandisi wa leo hulitumia neno boriti kwa zege, na neno limekubali. Timazi na pimamaji pia ni maneno yaliyokomaa kazini. Kwingineko istilahi bado zinayumba: Mtanzania husema nondo akimaanisha chuma cha kuimarisha zege, ilhali Mkenya hudhani anatajiwa mdudu, au joka la hadithi.

Suala hili si la wanakamusi peke yao. Kanuni za ujenzi za mwaka 1968, zilizotumika Kenya kwa zaidi ya nusu karne, ziliandikwa kwa Kiingereza, na Kanuni za Kitaifa za mwaka 2024 zikaifuata njia hiyohiyo. Michoro ya mhandisi nayo hubeba maelezo ya Kiingereza pembeni. Anayechanganya zege, ambaye akiongeza ndoo moja ya maji ili koleo ipite kwa urahisi hulipunguzia zege nguvu kwa miaka yote ya jengo, mara nyingi hayasomi maelezo hayo. Kuyaandika kwa Kiswahili kungechukua mistari michache tu pembeni mwa mchoro: Usiongeze maji baada ya zege kuchanganywa. Lilowanishe zege kwa siku saba. Usiondoe mbao zinazoegemeza boriti kabla ya mhandisi kuidhinisha. Usiongeze ghorofa isiyochorwa hapa.