Kuoanisha Orodha Mbili: Mfano wa Nambari za Kiborana na Kisomali

Isiolo ni makutano ya lugha: Kimeru cha Kibantu, Kiturkana na Kisamburu vya Kiniloti, Kiborana na Kisomali vya Kikushi. Mlinganishi wa lugha hizi hukusanya orodha za msamiati, kisha hutaka kila neno likae na mwenzake.

Kuunganisha orodha si kuoanisha. Ukiunganisha maneno kumi na kumi, moja nyuma ya nyingine, hupata ishirini. Ukioanisha hupata jozi kumi. Mnyambuliko wenyewe wadhihirisha hayo, kwani -oana ni tendo la wawili. Katika lugha ya programu ya Python, amri ya kuoanisha ni zip, kwa mfano wa zipu ambayo meno yake hushikana moja baada ya jingine. Kiswahili, pengine, kimeliita jambo hili vizuri zaidi.

Zichukuliwe nambari za moja hadi kumi, za Kiborana zikiandikwa kwa tahajia ya Kioromo sanifu. Jozi saba zafanana waziwazi: lama na laba, sadii na saddex, afur na afar, shan na shan, torba na toddoba, saddeet na siddeed, sagal na sagaal. Lakini Kisomali kina maneno mawili ya moja: kow katika kuhesabu, na hal mbele ya nomino. Mkusanyaji mwaminifu akiyaandika yote mawili, orodha yake huwa na maneno kumi na moja. Hapo lama huoanishwa na hal, sadii na laba, afur na saddex, shan na afar, hadi kudhan na sagaal. Jozi zote saba hutoweka, na msomaji wa jedwali aweza kudhani kwamba lugha hizi mbili hazina udugu.

La hatari zaidi ni kimya cha mashine. Zip hukoma orodha fupi inapokwisha. Toban, neno la kumi na moja, huachwa bila onyo lolote. Tangu toleo la 3.10 la mwaka 2021, mtumiaji aweza kuongeza sharti strict=True, na urefu usipolingana programu hutangaza kosa.

Hata hivyo, urefu sawa si ushahidi wa ulinganifu. Hal ikiongezwa na toban ikisahauliwa, orodha zitalingana kwa idadi na kupotoka kwa maana, wala sharti hilo halitasema neno. Kwa hiyo kila neno lipewe namba ya dhana yake tangu siku ya kukusanywa, na maneno yaoanishwe kwa namba hiyo, si kwa mahali yalipokaa katika orodha. Kow na hal zote zitabeba namba 1.