Je, Wajua? Mrithi wa Mtemi na Jicho la Balozi

Je, wajua kwamba muda mrefu kabla Isaka haijawa na bandari kavu, kabla hata ya reli ya Tabora kufika Mwanza mwaka 1928, misafara ya kwenda Karagwe na Buganda ilikatiza nchi hizihizi za Kahama? Mtemi wa kila nchi alidai hongo yake, yaani ushuru wa njia, na mpitaji alilipa au alilala njaa. Ndiyo maana mfanyabiashara, mmisionari na mjumbe wa serikali za ng'ambo wote walikuwa na swali moja: mzee huyu akifa, nani atakalia kiti, na huyo atakuwa wetu au wa wengine?

Wazungu walilikuta swali hilo likiulizwa. Mnamo 1860 hivi, wafanyabiashara Waarabu wa Tabora walichoshwa na Mnywa Sere, mtemi wa Unyanyembe, kwa sababu aliwatoza kodi kwenye bidhaa zao. Wakamng'oa, wakamkalisha Mkasiwa. Mnywa Sere akawa mtemi wa porini, anashambulia misafara na kutoweka. John Hanning Speke, aliyefika Tabora Januari 1861 akielekea kutafuta chanzo cha Nile, alikutana na mtemi huyo, akamsikiliza, kisha akajitwika kazi ya kusuluhisha. Usuluhishi ulivunjika. Mnywa Sere aliuawa 1865, na kiti kikabaki kwa yule waliyemtaka wenye mali.

Je, wajua mizani ya Karagwe? Speke huyohuyo alisimuliwa kwamba mfalme wa huko alipofariki, wanawe watatu waligombea kiti, ngoma ndogo ikawekwa mbele yao. Ndugu wawili walishindwa kuiinua, Rumanyika akainyanyua kwa urahisi. Mzungu aliisikiliza kama hekaya. Mimi naona haikuwa duni kuliko mizani walizokuja nazo Wazungu wenyewe, kama tutakavyoona.

Je, wajua kwamba katika tawala nyingi za Wasukuma mgeni aliyemkodolea macho mtoto wa mtemi alikuwa anamtazama kijana asiyehusika? Utemi ulipita upande wa kike. Mrithi alitafutwa miongoni mwa watoto wa dada za mtemi, na waliomtafuta ni wanang'oma, wazee wa ikulu ambao kazi yao ilikuwa hiyo. Msiba wa mtemi haukutangazwa ovyo. Kwanza apatikane wa kurithi, ndipo watu walie hadharani. Sasa fikiria ofisa mgeni amekaribishwa ikuluni. Anamwona kijana nadhifu kando ya baba yake, anajibu vizuri, anasalimia kwa adabu. Ofisa anaandika kwenye ripoti kwamba mrithi anaelekea kuwa rafiki. Wakati huohuo mrithi mwenyewe yuko kwa mama yake, anachunga ng'ombe, hana habari na ripoti wala na wino. Hans Cory, mtaalamu wa mila aliyeajiriwa na serikali ya Kiingereza, alikuja kuziandika taratibu hizi za utemi na kuzichapisha mwaka 1951. Kufikia hapo mambo yalikuwa yameshageuka: chini ya ukoloni, utemi wa Kisukuma ulikuwa umeanza kupita kutoka kwa baba kwenda kwa mwana, njia ambayo bwana shauri, ofisa wa wilaya, aliielewa bila kufundishwa.

Kuna mgeni mmoja ambaye hakuhitaji kuandika ripoti. Charles Stokes, mtu wa Ireland aliyeacha kazi ya umisionari akageukia biashara ya misafara, alimwoa Limi, binti wa ukoo wa Mtemi Mitinginya wa Usongo, upande wa Nzega. Shemeji haulizi habari za ikulu getini. Mwaka 1890 Wajerumani walimchukua awasaidie kupata watemi wa kupokea bendera yao Unyamwezi, maana alijua nani ni nani. Ujuzi huo haukumwokoa. Januari 1895 ofisa wa Dola ya Kongo, Lothaire, alimnyonga kwa kosa la kuuza silaha, jambo lililozua kelele kubwa London na Berlin.

Je, wajua kwamba Wajerumani walipomshindwa mtemi wa Unyanyembe kwa maneno waliingia kwa mizinga, kisha wakachagua mrithi wenyewe? Isike aliwagomea tangu 1892 na kurudisha mashambulizi yao. Januari 1893 Tom von Prince, ambaye watu walimpa jina la Bwana Sakarani, aliivunja ngome yake. Isike alilipua ghala la baruti akiwa ndani ili wasimpate hai. Wakamtoa akiwa mahututi, wakamnyonga hivyohivyo. Kiti wakampa Nyaso, mwanamke wa ukoo huohuo wa watemi.

Twende Unguja sasa, kwani huko ndiko zumari lilikopigiwa, na huko kuna mabalozi wenyewe.

Mwaka 1859 Barghash bin Said alitaka kumpindua kaka yake, Sultani Majid. Katibu wa njama hizo alikuwa dada yao Salme, msichana wa miaka 15, kwa kuwa alijua kuandika. Nyumba ya Barghash ikazingirwa na askari. Dada zake wakaingia kumtembelea, wakamvika nguo za kike, wakamfunika gubigubi yakabaki macho, wakatoka naye katikati ya walinzi. Hakuna askari aliyethubutu kumfunua bibi wa kifalme. Alikimbilia shamba la Marseille, na ilibidi mabaharia wa Kiingereza wamsaidie Majid kuuzima uasi. Balozi mdogo wa Uingereza, Christopher Rigby, alihakikisha kijana anapelekwa Bombay. Kwa jicho la ubalozi, Barghash alikuwa mrithi mbaya.

Je, wajua nani alitawazwa Majid alipokufa mwaka 1870? Barghash. Na safari hii ubalozi haukumzuia, ukiamini kwamba angewasikiliza kuhusu biashara ya watumwa. Alipokaa vizuri kitini, akakana kwamba aliahidi lolote. Iliwachukua hadi Juni 1873, kwa tishio la manowari kuifunga bandari, kupata saini yake kwenye mkataba wa kupiga marufuku biashara hiyo, uliomkabidhi Balozi John Kirk ushindi mkubwa wa maisha yake. Yaani mtu mmoja walimkosea mara mbili: walimkataa wakamfukuza, wakamkubali akawachenga.

Je, wajua kwamba Salme yuleyule alikuja kuwa karata ya Bismarck, kansela wa Ujerumani? Alikuwa ametoroka Unguja, akabatizwa Emily, akaolewa na mfanyabiashara wa Hamburg, Heinrich Ruete, na kuachwa mjane na watoto wadogo. Agosti 1885 manowari za Kijerumani zilitia nanga mbele ya kasri la Barghash, na Salme akaletwa huko pamoja na watoto wake kudai urithi wake. Mwanawe wa kiume, aliyezaliwa 1869, alikuwa mjukuu wa Sultani Sayyid Said, baba wa Salme na Barghash, na raia wa Ujerumani kwa wakati mmoja. Hebu jiweke mahali pa Kirk: mrithi mwenye damu ya Busaidi, ukoo wa masultani, anayezungumza Kijerumani, amekaa melini bandarini! Lakini Barghash alikubali matakwa ya Ujerumani huko bara, na shida ya mama na mwana ikasahaulika palepale. Kijana huyo, Rudolph Said-Ruete, baadaye alihamia London na kujulikana kama mpenda amani. Hakutawala hata kijiji.

Mwaka 1890, Unguja ilipowekwa chini ya ulinzi wa Uingereza, jambo lililokuwa likifanywa kwa kunong'ona likaandikwa kwenye mkataba: sultani mpya hawi sultani mpaka balozi akubali.

Je, wajua kwamba mtu wa kwanza kuujaribu mkataba huo kwa bunduki alikuwa mtoto wa Barghash? Khalid aliingia kasri mwaka 1893 kiti kilipobaki wazi, akashawishiwa, akatoka. Balozi akamkubali Hamad bin Thuwaini. Hamad alipofariki ghafla tarehe 25 Agosti 1896, Khalid aliingia tena na safari hii hakutoka. Basil Cave, aliyekuwa akishikilia ofisi ya ubalozi, alimwona kuwa mtu wa kuelemea kwa Wajerumani na akamtaka Hamud bin Muhammed. Asubuhi ya tarehe 27, saa 3, muda aliopewa ukaisha. Vita vilichukua dakika 38 kwa hesabu inayotajwa zaidi. Watu wa Khalid wapatao 500 waliuawa au kujeruhiwa. Upande wa pili alijeruhiwa baharia mmoja. Vitabu vingi hupenda dakika zile. Mimi napenda yaliyofuata.

Khalid alikimbilia ubalozi mdogo wa Ujerumani. Waingereza wakaweka walinzi nje: akikanyaga ardhi ya Unguja tu, wamkamate. Wakangoja wiki moja, wakangoja ya pili, mwezi ukaisha. Tarehe 2 Oktoba meli ya kivita Seeadler ikawasili. Maji yalipojaa, mashua yake ikasogea hadi kwenye lango la ubalozi lililoelekea baharini, na Khalid akapiga hatua moja kutoka mlangoni hadi mashuani. Ardhi ya Unguja hakuikanyaga, na walinzi walibaki na bunduki zao. Akapelekwa Dar es Salaam, akakaa huko miaka 20 chini ya Wajerumani, kwa hiyo kwa hili Cave alikuwa amesoma vizuri, au tuseme mabomu yake ndiyo yalimsukuma Khalid kule Cave alikodhani anaelekea. Waingereza walimnasa 1916 vita vilipofika huku bara, wakampeleka Shelisheli na St Helena. Alifariki Mombasa mwaka 1927.

Baada ya hapo wakaja na dawa mpya: usingoje kumpima mrithi, mlee. Ali, mwana wa Hamud, alipelekwa Harrow, shule ya watoto wa mabwana wa Kiingereza. Baba alipofariki Julai 1902, Ali alikuwa kijana wa miaka 18. Akawekewa msimamizi, A. S. Rogers, hadi 1905. Je, wajua malezi hayo yalizaa nini? Sultani aliyezoea Ulaya kiasi cha kutotaka kukaa Unguja, na aliyegombana na maofisa walewale waliomlea. Alijiuzulu Desemba 1911 akiwa hukohuko Ulaya, akafia Paris 1918. Aliyempokea kiti, Khalifa bin Harub, alizaliwa Muscat, hakupita Harrow, na alikaa na Waingereza bila kishindo kwa karibu miaka 49, hadi Oktoba 1960.

Somo halikuwaingia, maana huku bara walifungua Shule ya Tabora mwaka 1925, ikiwalenga watoto wa machifu. Buganda nako Kabaka Mutesa II alipitishwa Budo, Makerere na Cambridge, na Novemba 1953 Gavana Andrew Cohen akampakia ndege kwenda uhamishoni London.

Tufike nyumbani, Shinyanga. Je, wajua kwamba mmoja wa Waafrika wawili wa kwanza kuingia Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika, mwaka 1945, alikuwa mtemi wa Usiha, Kidaha Makwaia? Mwenzake alikuwa Abdiel Shangali wa Machame. Kidaha alirithi kiti cha baba yake, alipita Tabora na Makerere, akasoma Oxford, na alikuwa Mwafrika pekee kwenye Tume ya Kifalme ya Afrika Mashariki ya 1953 hadi 1955. Kama ungemwambia ofisa wa Kiingereza achore mrithi anayemtaka, angemchora yeye. Lakini si serikali peke yake iliyomtamani. Mohamed Said, aliyeandika maisha ya Abdulwahid Sykes, anaeleza kwamba Sykes na wenzake walimwendea Kidaha aongoze harakati za siasa kabla nafasi hiyo haijaangukia kwa mwalimu mmoja kutoka Uzanaki. Kidaha hakukubali.

Mwalimu huyo naye alikuwa mtoto wa chifu. Baba yake, Burito, alipewa uchifu na Wajerumani mwaka 1915. Julius Nyerere aliingia Shule ya Tabora 1937, lakini mrithi hakuwa yeye: aliyekuja kuwa chifu ni kaka yake, Edward Wanzagi. Sijui kama kuna bwana shauri wa Musoma aliyewahi kupoteza wino kupima utii wa mdogo mtu.

Mwaka 1957 Gavana Edward Twining aliwakusanya machifu Mzumbe, akitumaini wangekuwa ukuta dhidi ya TANU, chama cha mwalimu huyo. Wakati huo Abdallah Said Fundikira alikuwa mtemi wa Unyanyembe, kiti kilekile cha Mnywa Sere na Isike. Mwaka uliofuata aliingia Baraza la Kutunga Sheria kwa kuungwa mkono na TANU, na uhuru ulipofika akawa waziri.

Twining alikuwa ameshajaribu kuwavuta machifu pia Iringa. Fuvu la Mkwawa, mtemi wa Wahehe, lililotajwa hadi kwenye Mkataba wa Versailles, alilitafuta Ujerumani, akalirudisha Kalenga mwenyewe tarehe 19 Juni 1954 kwa sherehe kubwa. Aliyelipokea ni mjukuu, Chifu Adam Sapi, na nia ya gavana ilikuwa kuufunga moyo wa Wahehe kwa serikali, hasa wakati Kenya inawaka moto wa Mau Mau. Je, wajua Adam Sapi alikuwa kwenye kiti gani Bunge lilipofuta sheria ya machifu mwaka 1963? Alikuwa Spika.